Daftari la Kurasa Mbili

Mimi ni mtoto wa nyumba mbili. Baba alikuwa Mhehe wa Kalenga, mkoani Iringa. Mama ni Msangu wa Utengule, mkoani Mbeya. Kwa baba nilifundishwa kuwa Mkwawa ndiye simba wa Nyanda za Juu, na Merere ni msaliti aliyejiunga na Wajerumani. Kwa mama, Mkwawa alitajwa kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja usiku kuswaga ng'ombe. Nikajifunza kunyamaza pote pawili.

Nilipostaafu ualimu nilijiunga na kikundi kidogo cha wazee na walimu pale Iringa. Tulikutana Jumamosi na madaftari yetu na redio kaseti moja, tukiandika masimulizi kabla wenye kuyajua hawajatutoka. Mambo makubwa yalikuwa yakijulikana: jeshi la Zelewski kuangamizwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Kalenga kutekwa mwaka 1894, Mkwawa kujiua mwaka 1898. Sisi tulitafuta madogo: nani alikimbilia wapi, nani alirudi, nani hakurudi.

Daftari la Usangu nilikabidhiwa mimi. Niliandika kama nilivyolelewa: "Merere, msaliti." Kisha nikaenda kumsomea mjomba wangu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Mpwa wangu, mtu akikufukuza kwako, nawe ukamwomba mgeni akurudishe, umemsaliti nani?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli Wahehe ndio waliowasukuma akina Merere kutoka Usangu hadi Usafwa, karibu na ilipo Mbeya leo. Mwaka 1877 Mwingereza Frederic Elton alikuwa kwa Merere wakati Wahehe walipowazingira, na habari hiyo imo katika kitabu chake. Lugalo ilikuwa bado miaka 14. Ugomvi huo basi ulikuwa wa majirani kabla Mjerumani hajauingilia na kuutumia.

Nilipolileta swali la mjomba kikundini, mzee mmoja alikasirika. "Mwalimu, ukianza hivyo utamvunjia Mkwawa heshima." Nilimwelewa. Lakini nikamkumbusha habari ya fuvu lililopo Kalenga. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, likarudi mwaka 1954. Gavana Twining alikuwa amelichagua katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu yapatayo 2,000, kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa za Mkwawa. Wapo wanaouliza mpaka leo kama ndilo lenyewe. Je, swali hilo limempunguzia Mkwawa kitu? Watu bado wanakwenda Kalenga, wanainamisha vichwa. Heshima inayoogopa swali ni heshima changa.

Tulibishana Jumamosi tatu. Mwishowe tukakubaliana tusifute neno lolote. Ukurasa wa kushoto tukaandika yanayosemwa Kalenga. Wa kulia, yanayosemwa Utengule. Na kila simulizi tukaiwekea jina la msimulizi, ukoo wake na siku aliyosema. "Msaliti" limebaki, ila sasa msomaji anajua ni nani alisemaye.

Nilirudi kwa mjomba nikamsomea kurasa zote mbili. Nilidhani atafurahi. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Ongeza. Kabla Wahehe hawajapata nguvu, sisi Wasangu ndio tuliokuwa tukiwavamia majirani, na hata vita Wahehe walijifunza kwetu. Hilo huwa hatulisemi."

Nikaliandika ukurasa wa kulia, chini ya jina lake.

Tangu mwaka 2016 Iringa ina makumbusho ya mkoa ndani ya Boma la Wajerumani, na nikiona vijana wanaingia nafurahi. Lakini ndugu msomaji, yapo yasiyowekwa kabatini. Mjomba amekwisha kufariki. Asingeulizwa mara ya pili, angekwenda nayo.