Tambara Bichi la Ipogolo

Historia ya barabara kuu iendayo Zambia aghalabu huandikwa kwa majina ya marais, wahandisi na wafadhili. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na punde Zambia ikakatiwa njia ya mafuta ya kusini. Malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam, vumbini na matopeni, kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Lakini barabara haitembei yenyewe. Lori lililosheheni, likiisha kuupanda mlima Kitonga, huweza kufika Ipogolo, pale njia ya Iringa mjini inapoachana na barabara kuu, likiwa linafuka mvuke, rejeta imepasuka. Hapo hatima ya safari humwangukia fundi wa kulehemu.

Rejeta za zama hizo zilitengenezwa kwa shaba, na viungo vyake vilishikwa kwa lehemu ya bati na risasi, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Shaba nyekundu nayo hupitisha joto takriban mara 5 kuliko chuma. Hivyo basi, moto unaoziba tundu moja hukimbilia kiungo jirani na kukifungua. Fundi asiyejua hushinda akiziba huku akizibua kule.

Ajuaye huanza na tambara. Hulirovya maji, akaviviringishia viungo vya jirani, akaacha wazi pale tu panapotakiwa kushikwa. Hulichunga lisidondoshe maji kwenye kidonda chenyewe, kwani lehemu haikamati penye ubaridi. Na huliongeza maji kabla mvuke haujakoma. Madhali tambara ni bichi, joto lake haliwezi kupita lile la maji yachemkayo, ambalo katika nyanda za Iringa, takriban mita 1,500 juu ya bahari, ni karibu nyuzi 95. Mwanzoni mwa miaka ya 1760 Joseph Black, huko Glasgow, alipima jambo hili: maji yanapogeuka mvuke hula joto jingi mno bila yenyewe kuzidi kuwa moto. Joto hilo hupita mara 5 ya lile linaloyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi kuchemka.

Hekima hii ina ukoo mrefu. Wahunzi wa Ufipa, baada ya kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu lililojivutia hewa lenyewe, walikisafisha chuma katika tanuri dogo lenye mivukuto. Mvukuto ungeungua laiti ungegusa makaa. Kati yake na moto ukawekwa mrija wa udongo. Sonara naye, mwenye pambo la viungo vingi, hutangulia na lehemu ngumu, akamalizia na laini, na kile alichokwisha kukiunga hukifunika kwa udongo. Udongo, maji na utaratibu: vyote vitatu huuwekea moto mpaka.

Tangu miaka ya 1980 rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki zimezidi kuenea, nazo hazikubali lehemu ile wala moto ule. Zikipasuka, mara nyingi hutupwa. Haifai kuililia risasi, kwani ni sumu kwa mwili wa fundi na wa watoto wanaocheza jirani na karakana. Kinachostahili kuhofiwa ni kupotea kwa elimu isiyopata kuandikwa. Marais wa barabara ile wana vitabu vyao. Aliyeshika moto kwa mkono mmoja na tambara kwa mwingine hana hata ukurasa. Naye ndiye aliyejua kwamba kutengeneza si kuunga kilichovunjika tu, bali pia kukilinda kilicho kizima.