Matambara kwenye Tundu la Ufunguo

Mwezi Mei 1910, katika miji ya Marekani, kuna watu walioziba matundu ya funguo na nyufa za milango kwa karatasi na matambara. Wengine walinunua vidonge vya kujikinga na kometi, ile nyota yenye mkia. Magazeti yalikuwa yamewaambia kwamba dunia ingepita ndani ya mkia wa kometi ya Halley, na kwamba mkiani mna sianojeni, gesi ya sumu.

Juu ya gesi hiyo magazeti hayakudanganya. Ilikuwemo kweli. Lakini nani alikwenda kuichota?

Hakuna. Habari ililetwa na mwanga.

Mwaka 1864 Giovanni Battista Donati, mwanaastronomia wa Florence, Italia, aliupitisha mwanga wa kometi kwenye prizimu, kioo kinachoutawanya mwanga ukawa rangi kama za upinde wa mvua. Kama kometi ingekuwa inarudisha mwanga wa jua tu, kama ufanyavyo mwezi, rangi zote zingefuatana bila kukatika. Yeye aliona mikanda mitatu inayong'aa, iliyotengana. Hiyo ni alama ya gesi inayotoa mwanga wake yenyewe.

Gesi gani? Mwaka 1868 William Huggins, aliyeacha biashara ya familia ya hariri akajenga kituo cha kutazamia nyota nyumbani kwake Tulse Hill, London, aliilinganisha mikanda ya kometi na ile ya cheche ya umeme ndani ya gesi ya ethilini. Ikalingana. Kometi ilikuwa na kaboni, ile ile ya makaa na masizi. Mwaka 1881 aliupiga picha mwanga wa kometi nyingine, akapata mambo mawili kwa pamoja: mistari myeusi ya mwanga wa jua, uliorudishwa na vumbi, na mikanda ya sianojeni.

Basi wataalamu wa kituo cha Yerkes, Marekani, walipotangaza Februari 1910 kwamba Halley nayo ina sianojeni, halikuwa jambo geni. Ila magazeti yalimnukuu Camille Flammarion wa Ufaransa akisema kwamba gesi hiyo huenda ikaenea hewani na kuua viumbe wote.

Mkanda wa rangi ulikuwa umejibu swali la "ni nini?" Swali la "ni kiasi gani?" halikupewa nafasi. Na jibu lake pia lililetwa na mwanga: nyota za nyuma ya mkia zilionekana kama kawaida, kwa jinsi mkia ulivyo mwembamba.

Huggins alifariki London tarehe 12 Mei. Siku sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 19, dunia ikakutana na mkia. Kulipokucha watu walichomoa matambara yao, wakafungua milango. Hewa ilikuwa ile ile.