Frere Town, Kisauni: Makao ya Waliokombolewa Utumwani

Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa Church Missionary Society, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watu waliokombolewa utumwani. Jina lake latokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Miongoni mwa wakazi wa mwanzo walikuwamo Waafrika waliookolewa majahazini na kusomeshwa Nasik, India; baadhi yao walikuwa walimu na mafundi. Kengele ya Frere Town, iliyopo mahali paitwapo Kengeleni, ilipigwa kuwatahadharisha wakazi kila wasaka watumwa walipokaribia. Jirani lipo Kanisa la Emmanuel, ambamo ibada zaendelea. Wageni wanaombwa wasiiguse kengele wala kuandika ukutani.