Zamu ya Nzohe na Zamu ya Ndovu: Historia ya Siku ya Mbuga Mbili kati ya Kitale na Bungoma

Mji wa Kitale, ulio makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, uko karibu na mbuga mbili za kitaifa zisizofanana hata kidogo. Upande wa magharibi upo Mlima Elgon, wenye mbuga ya kilomita 169 za mraba iliyotangazwa mwaka 1968, na upande wa kaskazini-mashariki kipo kinamasi cha Saiwa, chenye mbuga isiyofika kilomita tatu za mraba, iliyotangazwa mwaka 1974 na inayohesabiwa kuwa ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini Kenya. Mwenye gari anayeamka mapema anaweza kuziingia zote mbili kabla jua halijatua, lakini akizifuata kwa mpangilio usiofaa atarudi nyumbani akiwa ameona majani ya mafunjo upande mmoja na mawe matupu upande wa pili. Kinachoamua mafanikio ya siku hiyo ni zamu, yaani ule utaratibu wa watumiaji wengi wa kitu kimoja kupeana nafasi kwa saa, na zamu za eneo hili zilikuwapo kabla ya malango kujengwa na kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa.

Asili ya zamu hizo ni chumvi. Mlima Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, na miamba ya majivu yaliyogandamana katika miteremko yake ina madini ya sodiamu, ambayo mimea ya nchi hiyo ya mvua nyingi haina ya kutosha, kwa sababu maji huyayeyusha na kuyachukua hadi mabondeni. Mnyama alaye majani hawezi kuishi vyema bila chumvi, kwa hiyo ndovu, nyati na pongo wa mlimani walijifunza kuingia katika mapango na kuitafuta ndani ya ukuta. Pango mashuhuri kuliko yote ni Kitum, linaloingia ndani ya mlima kwa takriban mita 200, na jirani zake ni Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Ndovu huingia humo aghalabu usiku, wakiwa wamefuatana, mkonga wa kila mmoja ukipapasa njia katika giza ambamo jicho halina kazi, wakipita kando ya ufa mrefu ambamo ndama kadhaa wamewahi kutumbukia na kufa. Wafikapo ukutani hulichokoa jiwe kwa ncha ya pembe, huokota vipande kwa mkonga, huvisaga kwa magego na kumeza, na mifereji iliyoachwa na pembe hizo imeufunika ukuta kuanzia kimo cha goti la mtu hadi juu ya kichwa chake.

Hata hivyo, ndovu hawakuwa wateja pekee wa ukuta huo. Wakony, ambao ni tawi mojawapo la Wasabaot pamoja na Wabok na Wabong'om, waliishi katika baadhi ya mapango ya Elgon pamoja na mifugo yao, wakijikinga na baridi na wavamizi, na walichonga miamba kwa ajili ya ng'ombe wao. Majina ya nchi yenyewe yamehifadhi kumbukumbu ya watu hao, kwa kuwa jina la Elgon linahusishwa na Wakony, kama lilivyotamkwa na Wamaasai, na jina la Bungoma linahusishwa na Wabong'om, ilhali Wabukusu, walio wengi katika Kaunti ya Bungoma leo, wanauita mlima huo Masaba. Katika mapango yasiyokaliwa na watu, ng'ombe walipelekwa penye chumvi mchana, wachungaji wakiwa macho, na ndovu walishika usiku. Hakuna aliyeandika ratiba hiyo, lakini ilifanya kazi ambayo ratiba yoyote hukusudiwa kufanya, kwani iliwawezesha watumiaji wasioweza kukaa pamoja kutumia mahali pamoja.

Mzungu wa kwanza kuyaeleza mapango hayo kwa maandishi alikuwa Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyefika Elgon mwishoni mwa mwaka 1883 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1885. Thomson aliwakuta watu na mifugo mapangoni, akaona ukubwa wa kumbi na alama za kuchongwa ukutani, akadhani kwamba kazi hiyo lazima ilifanywa na taifa la kale lililostaarabika, huenda Wamisri, waliokuwa wakitafuta vito. Wenyeji walipomwambia kwamba hawakuyachimba wao, aliwaamini katika hilo, lakini hakuwaza kwamba sehemu kubwa ya uchimbaji huenda ilifanywa na wanyama. Kosa lake linafaa kukumbukwa katika historia ya utembeleaji, kwa kuwa yeye alikuwa mgeni wa mchana, na mgeni wa mchana huona ukuta uliochimbwa bila kumwona mchimbaji.

Kipindi kilichofuata kilibadilisha nchi ya chini kuliko kilivyobadilisha mlima. Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliwashinda Wabukusu katika ngome za Lumboka na Chetambe, hii ya pili ikiwa juu ya kilima karibu na mji wa Webuye wa leo, na miaka michache baadaye uwanda wa Trans Nzoia uligawiwa walowezi, ambao idadi yao iliongezeka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926 ili kubeba mahindi na mazao mengine, huku njia kuu ya kuelekea Uganda ikipita Bungoma, kwa hiyo miji hii miwili, ambayo kwa macho ya ramani ni majirani, iliwekwa kwenye njia mbili tofauti za reli. Mashamba makubwa, na baada ya uhuru mashamba madogo ya walowezi wapya Waafrika, yalizunguka mabonde yenye maji, hata kinamasi cha Saiwa, kinacholishwa na mto wa jina hilo, kikabaki kama utepe mwembamba wa mafunjo na msitu katikati ya mahindi.

Ndani ya utepe huo alibaki nzohe, swala wa majini ambaye kwato zake ni ndefu na hupanuka akanyagapo tope, hivyo hutembea juu ya matope ambayo yangemzamisha mnyama mwingine wa uzito wake. Akitishwa huingia majini na kuzama hadi pua pekee ibaki juu. Ni kwa ajili yake hasa kwamba Saiwa ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1974, mwaka uleule ambao makumbusho ya Kitale yalifunguliwa katika jengo jipya kwa msingi wa mikusanyo ya Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa na makumbusho yake binafsi tangu mwaka 1926. Magari hayaruhusiwi kuingia ndani ya Saiwa, kwa hiyo mgeni hutembea kwa miguu juu ya njia za mbao na kupanda minara, ambayo mkulima yeyote Mswahili angeiita madungu, kwa kuwa umbo na kazi yake ni sawa na ile ya jukwaa la kuamia ndege shambani, isipokuwa hapa mwenye dungu anatakiwa kunyamaza. Nzohe hutoka mateteni kula wakati wa mapambazuko na tena jua linapopunga, na kati ya saa hizo hulala ndani ya mafunjo asionekane, hata kama yuko hatua ishirini kutoka kwenye mbao.

Sheria za serikali ziliwekwa juu ya zamu hizi za asili bila kuzifuta. Sheria ya mbuga za kitaifa ya mwaka 1945 ndiyo iliyozaa mbuga ya kwanza, ya Nairobi, mwaka 1946. Sheria ya mwaka 1976 iliunganisha idara ya wanyamapori na bodi ya mbuga. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, linalojulikana zaidi kwa herufi zake KWS, lilianza kazi mwaka 1990, baada ya ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 kuwapunguza sana ndovu wa Elgon na kuwafanya waliosalia wazidi kumwogopa binadamu. Desturi iliyojengeka ni kwamba lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kwa nchi iliyo digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, saa hizo ni mchana mzima kama Mswahili anavyouhesabu, kuanzia macheo hadi machweo, na mgeni wa mbuga mbili ana saa kumi na mbili za kugawanya, wala haongezewi hata moja.

Mgawanyo wa saa hizo una njia mbili za busara. Anayelala Kitale huanza Saiwa, afike langoni linapofunguliwa na awe juu ya dungu kabla umande haujakauka, kisha saa tatu au saa nne, nzohe wakishalala, aelekee mlimani kupitia Endebess na lango la Chorlim, ambako mchana wote unafaa kwa mapango, kwa kuwa pango halina habari ya jua na alama za pembe huonekana kwa tochi wakati wowote. Anayetoka Bungoma, ambaye hawezi kufika Saiwa alfajiri bila kusafiri usiku, hugeuza mpangilio huo, akaanza mlimani na kumalizia kinamasini, akihakikisha kwamba saa kumi alasiri tayari ameketi kwenye mnara. Katika njia zote mbili mlima hupewa katikati ya siku, si kwa sababu ndovu wako wazi wakati huo, bali kwa sababu zamu yao ni ya usiku na lango halimruhusu mgeni kuifikia. Siku ya mbuga mbili, kwa hiyo, ina miadi moja ya kweli, ambayo ni ya nzohe.

Kwa asiye na gari lake, zamu nyingine ilizaliwa barabarani. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu, magari madogo ya abiria yaliyopata jina kutokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi, yafanye kazi bila leseni ya kubeba abiria, na tangu hapo usafiri kati ya Bungoma, Webuye, Kimilili, Kamukuywa, Kiminini na Kitale umetawaliwa na kanuni moja, kwamba gari huondoka likijaa. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliweka mikanda, vidhibiti mwendo na kikomo cha abiria, na baadaye kila gari likatakiwa kuwa chini ya chama cha ushirika au kampuni, lakini gari la kwanza kwenye foleni ya steji lilibaki na haki ya kujaza kabla ya la pili. Abiria hushika nafasi kwa kuacha leso au gazeti juu ya kiti, naye mpiga debe huwaketisha watu wasiosafiri ili gari lionekane limekaribia kujaa. Katika utaratibu huu anayepangiwa zamu ni gari, wala abiria hapewi saa, na ndiyo maana safari ya mbuga mbili imekuwa zaidi ya wenye magari na ya shule zilizokodi basi.

Ukilinganisha na kwingineko, tofauti inaeleweka vizuri. Bustani ya burudani ya Disneyland ilipofunguliwa California mwaka 1955, haukupita muda mrefu kabla mgeni hajaanza kuuziwa kitabu cha tiketi zilizopangwa kwa herufi, kila herufi ikiwa ya daraja la mchezo, na vitabu hivyo vilidumu hadi mwaka 1982. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilianzisha tiketi ya karatasi iliyomtajia mgeni saa ya kurudi kwenye mchezo bila kupanga foleni, na kuanzia mwaka 2021 nafasi hiyo ikawa ya kulipiwa kwa simu. Mgeni wa bustani mbili za burudani kwa siku moja, basi, hununua saa. Mgeni wa Saiwa na Elgon naye hulipa kwa simu, kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, lakini malipo yake humnunulia lango tu, kwa kuwa nzohe hana tiketi ya kurudia.

Kuna zamu nyingine ambayo watu walichelewa kuielewa. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya, na mwaka 1987 kijana kutoka Denmark, walikufa kwa homa ya Marburg, ugonjwa unaosababisha kuvuja damu, na wote wawili walikuwa wameingia Kitum. Baadaye virusi hivyo vilipatikana katika popo wala matunda wa pango hilo, ambao hutoka wakati wa magharibi na kurudi kabla ya mapambazuko. Mchana, saa ambazo mgeni amezifanya zake, ndizo saa ambazo popo wako nyumbani, kwa hiyo pango ambalo ndovu wameliacha si pango tupu.

Zamu ya mwisho ni ya watu wenyewe. Mbuga ilipotangazwa mwaka 1968 mifugo ilikosa nafasi yake kwenye ukuta wa chumvi, na mwaka 2000 nyanda za juu za Chepkitale, upande wa Bungoma, ambako Waogiek wa Elgon walikuwa wakichunga na kufuga nyuki, zikatangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa. Waogiek walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Ardhi na Mazingira mjini Bungoma ikawapa ushindi. Hukumu hiyo ilihusu ardhi ya wazi na si mapango, lakini swali lake, la nani ana haki ya nafasi, ndilo hilohilo linaloulizwa na ukuta wa Kitum, ambao mgeni akiumulika kwa tochi saa saba mchana ataona mifereji mipana ya pembe na, katika baadhi ya mapango jirani, mikwaruzo myembamba ya vyombo vya chuma. Wenye pembe bado wanarudi usiku, ilhali wenye chuma waliondolewa kwenye zamu bila kuulizwa wangependa saa gani.