Malango ya Soko: Historia ya Watayarishaji Huru wa Programu za Simu kwa Mtazamo wa Singida, 2008–2025

Mwaka 2023, katika kibanda cha fundi simu kilicho karibu na stendi ya mabasi mjini Singida, mtafiti alionyeshwa kadi ya kumbukumbu (memori kadi, kama inavyoitwa mitaani) ya gigabaiti mbili iliyohifadhiwa ndani ya kiboksi cha kiberiti. Pamoja na nyimbo nyingi, kadi hiyo ilikuwa na mafaili kumi na manne ya programu za simu, yenye tarehe za kati ya 2013 na 2017. Miongoni mwake mlikuwa na kikokotoo cha kubadili magunia ya alizeti kuwa kilo na shilingi, mkusanyiko wa maswali ya mitihani ya darasa la saba, na orodha ya maneno ya Kinyaturu yenye maana zake kwa Kiswahili. Aliyeziandika alikuwa mwalimu wa sekondari ambaye jina lake halitajwi hapa kwa kuzingatia maadili ya utafiti. Hakuwahi kuzisajili katika duka lolote la programu. Alimkabidhi fundi, naye fundi akawarushia wateja.

Kwa mtu anayeandika historia ya teknolojia nchini Tanzania, kadi ile ni nyaraka, na ni nyaraka isiyo na nakala. Programu hizo hazimo katika takwimu za duka la Google wala katika ripoti za miradi. Swali la insha hii linatokana na hali hiyo: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuamua kama kazi ya mtayarishaji huru itamfikia mtumiaji, na uwezo huo ulihama vipi katika kipindi cha takriban miaka kumi na saba? Mtayarishaji huru hapa ni mtu anayebuni, kuandika na kutoa programu kwa jina lake mwenyewe, bila kuajiriwa na kampuni wala kutumwa na mradi wa wafadhili. Hoja ya insha ni kwamba neno “huru” linapaswa kutumiwa kwa tahadhari. Mtayarishaji alitoka mikononi mwa kampuni za simu akaingia mikononi mwa maduka ya ng’ambo. Katika nafasi iliyobaki kati ya malango hayo mawili ndimo watu wa mikoa ya ndani kama Singida walimofanya kazi yao.

Simulizi iliyozoeleka kuhusu programu za simu Afrika Mashariki ni simulizi ya vituo na mashindano. Huanza na Ushahidi, mfumo uliobuniwa Kenya Januari 2008 ili kukusanya taarifa za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Hupitia iHub, iliyofunguliwa Nairobi Machi 2010, na M-Farm, iliyoanzishwa na wasichana watatu na kushinda shindano la Nairobi Novemba 2010. Kwa upande wa Tanzania husimama kwenye Buni, iliyoanzia chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) jijini Dar es Salaam. Simulizi hii si ya uongo. Udhaifu wake ni kwamba imeandikwa kwa kufuata mahali palipokuwa na watu wa kuandika ripoti, na Singida, mkoa ulioanzishwa 1963 na ambao sensa ya 2022 iliukuta una zaidi ya watu milioni mbili, hauonekani humo hata kwa bahati mbaya.

Lango la kwanza lilikuwa la kampuni za simu. Vodacom ilipozindua M-Pesa Tanzania mwaka 2008, watu wa Singida walijifunza, kama wenzao kwingineko, kupiga nyota 150 nyota 00 reli. Kwa mtumiaji hiyo ilikuwa menyu tu. Kwa mtayarishaji ilikuwa ukuta, kwa kuwa menyu ya aina hiyo hukaa katika mitambo ya kampuni na si katika simu ya mteja. Aliyetaka huduma yake ipatikane kwa nyota na reli alihitaji namba fupi inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kisha makubaliano na kila kampuni peke yake. Ofisi za kufanyia mazungumzo hayo zilikuwa Dar es Salaam, takriban kilomita 700 kutoka Singida. Ndiyo maana huduma za ujumbe kwa wakulima zilizopata sifa wakati huo, kama Tigo Kilimo ya 2012, zilikuwa huduma za kampuni zenyewe. Mtu binafsi alikuwa na ufa mmoja tu: programu ndogo za Java, zilizoweza kurushwa kwa Bluetooth kutoka simu moja hadi nyingine bila kumwomba mtu ruhusa.

Lango la pili lilijengwa mbali zaidi. Apple ilifungua duka lake la programu Julai 2008, na soko la Android likafuata Oktoba mwaka huohuo. Ada zake zilitofautiana sana: dola 99 kila mwaka kwa Apple, dola 25 mara moja tu kwa Google. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa simu zilizoingia minadani zilikuwa za Android, historia ya Singida ni historia ya Android. Hata hivyo, kusajiliwa kulikuwa jambo moja na kuuza lilikuwa jingine. Google ilipopanua orodha ya nchi ambazo watayarishaji wake waliruhusiwa kuuza programu, mwishoni mwa Septemba 2010, orodha ilifika nchi 29, na hakuna hata moja kati yake iliyokuwa ya Afrika. Mtanzania aliweza kugawa bure. Aliyetaka kipato alielekezwa kwenye matangazo, ambayo malipo yake hayakutoka mpaka akaunti ifikishe dola 100. Kwa programu iliyokuwa na watumiaji mia chache, fedha hizo zilikuwa za kusomwa kwenye kioo. Zaidi ya hayo, dola 25 zenyewe zililipwa kwa kadi ya benki inayokubalika kimataifa, kitu ambacho mwalimu au fundi wa Singida wa miaka hiyo kwa kawaida hakuwa nacho; kadi pepe zinazofungamanishwa na akaunti za pesa za simu zilikuja baadaye.

Hapa ndipo mkono ulipochukua nafasi ya duka. Njia hii inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo isiyoandikwa. Mteja alifika kwa fundi akiwa na shida nyingine kabisa: kuchaji, kubadili kioo, kuwekewa nyimbo. Bando lilikuwa ghali kuliko ujira wa fundi, hivyo kila kilichohitaji intaneti kilipakuliwa mara moja na mtu mmoja, kisha kikasambazwa kwa Bluetooth, kwa kadi, na baadaye kwa programu za kurushiana kama Xender na SHAREit. Katika mfumo huo fundi alikuwa duka, mhakiki na mtoa maoni kwa wakati mmoja. Alijua kuwa kikokotoo cha alizeti kinagoma kwenye simu fulani, akampigia mwalimu. Mwalimu akaandika upya na kumtumia kwa basi kadi yenye toleo jipya. Siku ya mnada idadi ya wateja ilipanda, na kwa maelezo ya fundi huyo, toleo jipya lililokosa siku ya mnada lilisubiri mnada uliofuata. Mtafiti anakiri kuwa kibanda kimoja si mkoa. Lakini utaratibu wenyewe, wa kupakua mara moja na kugawa mara nyingi, unafahamika kwa yeyote aliyeishi bara katika miaka hiyo.

Njia ya mkono nayo haikuwa nje ya mamlaka ya dola. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilizima simu zote ambazo namba zake za utambulisho zilikuwa bandia. Katika fasihi iliyopo tukio hili huelezwa kama suala la usalama wa mlaji, na lilikuwa hivyo. Kwa mtayarishaji aliyegawa programu kwa mkono lilikuwa pia siku ya kupoteza watumiaji bila kujua ni wangapi, kwa kuwa hakuna daftari lililowaandika. Tarehe za mafaili katika kadi ya Singida zinapungua ghafla baada ya katikati ya 2016. Mwalimu mwenyewe alipoulizwa alitaja sababu nyingine, uhamisho wa kituo cha kazi, na insha hii haimlazimishi kukubali tafsiri ya mtafiti.

Baada ya hapo mgogoro ulihamia ndani ya simu. Mnamo 2018 kampuni changa ya NALA, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilitoa programu iliyomwezesha mtumiaji kutuma pesa bila bando, kwa kuziendesha menyu za nyota na reli kwa niaba yake. Katika historia hii jambo hilo lina uzito: programu ilikuwa imepata njia ya kulipita lango la kwanza kwa kutumia lango lenyewe. Lakini Oktoba 2018 Google ilitangaza masharti mapya kuhusu programu zinazosoma ujumbe mfupi na kumbukumbu za miito. Kwa Ulaya badiliko hilo liligusa wachache. Kwa Afrika Mashariki, ambako daftari la fedha la mtu wa kawaida ni ujumbe wa muamala uliomo simuni, liligusa kiini cha kile ambacho mtayarishaji mdogo angeweza kubuni. Aliyetaka kuendelea alipaswa kujaza fomu na kujieleza kwa wakaguzi wasiojulikana walipo.

Si haki, hata hivyo, kuyatazama masharti hayo kama uonevu mtupu. Wakopeshaji wa mtandaoni, wale ambao wananchi wamewaingiza katika jina la jumla la kausha damu, walitumia ruhusa za aina hiyohiyo kuchota majina ya ndugu na marafiki wa mkopaji na kumwaibisha kwao. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Lango lililomzuia mwalimu wa Singida lilikuwa na sababu za kuwapo. Kasoro yake ni kwamba halikuwa na njia ya kumtofautisha na mkopeshaji.

Aprili 2022 Google ilitangaza kwamba programu zisizosasishwa kulingana na matoleo ya karibuni ya Android zingefichwa kwa watumiaji wapya wenye simu mpya. Novemba 2023 ikafuata kanuni kwamba mwenye akaunti mpya ya binafsi sharti kwanza apate wajaribu 20 watakaobaki katika jaribio kwa siku 14 mfululizo. Akaunti za makampuni hazikuguswa. Mtafiti aliionja kanuni hiyo mwaka 2024 alipotaka kutoa kamusi ndogo ya Kinyaturu. Ndugu waliokubali walikuwa wengi kuliko 20, lakini zaidi ya nusu walikuwa na kitochi. Katika jaribio la kwanza shangazi aliuza simu siku ya tisa. Katika la pili, mpwa aliirejesha simu ya kaka yake kwenye hali ya kiwandani. La tatu lilifaulu, kwa msaada wa walimu wenye vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 kabla ya kukabidhiwa shuleni. Desemba 2024 idadi ya wajaribu ilipunguzwa kuwa 12. Mtu wa Dar es Salaam angeweza kuliona jambo hili kuwa usumbufu wa wiki mbili; bara lilichukua karibu miezi mitatu.

Agosti 2025 njia ya mkono yenyewe ilifikiwa. Google ilitangaza kwamba programu yoyote itakayowekwa katika simu ya Android iliyoidhinishwa, hata ikitoka nje ya duka lake, italazimika kuwa ya mtayarishaji aliyethibitishwa utambulisho wake, kuanzia Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na kwingineko kuanzia 2027. Novemba mwaka huohuo kampuni ilieleza kuwa itaacha njia kwa watumiaji wazoefu wanaokubali kubeba hatari wenyewe. Kama fundi wa stendi atahesabiwa kuwa mzoefu, au kama mteja wake ndiye atakayepaswa kuwa mzoefu, ni jambo litakaloamuliwa nje ya Tanzania.

Kwa upande wa mbinu, yafuatayo yanatokana na hali hiyo. Mtafiti wa kipindi hiki akitegemea kumbukumbu za duka ataandika historia ya waliopita langoni tu, na hata hao ataendelea kuwapoteza kadiri programu zao zinavyofichwa. Vyanzo mbadala vipo, lakini vinachakaa: simu zilizovunjika kioo, kadi za kumbukumbu, madaftari ya mafundi, ujumbe wa miamala ya malipo madogomadogo. Faili la programu, likifunguliwa, huonyesha tarehe, lugha ya vitufe, na wakati mwingine namba ya simu ya mwandishi iliyowekwa ili mtumiaji apige akipata tatizo. Katika mafaili kumi na manne ya Singida, kumi na moja yana namba hiyo, na zote zimeandikwa chini ya neno moja: “Mawasiliano”.

Mafaili yote yalinakiliwa siku hiyohiyo kwa ridhaa ya fundi na, baadaye, ya mwalimu. Kadi yenyewe fundi hakukubali kuiachia. Alisema nyimbo zilizomo bado zinaombwa na wateja.