Faili fiche la mipangilio

Faili fiche la mipangilio ni faili la kompyuta lenye maagizo ya kuendesha programu, lakini halionekani katika orodha ya kawaida ya mafaili. Katika Linux, inayoendesha seva nyingi za tovuti, faili huwa fiche jina lake linapoanza na nukta. Mifano ni .htaccess, linalosomwa na seva ya Apache, na .env, ambamo programu nyingi huweka nywila ya hifadhidata.

Desturi hiyo ilitokana na Unix. Amri ya ls ilitungwa iruke alama za folda yenyewe na folda mama (. na ..), kwa kuwa iliangalia herufi ya kwanza tu, kila jina lililoanza na nukta likarukwa. Kwa hiyo kufichwa huku si ulinzi.

Kuyaona

Kwenye Linux hutumika amri ls -a. Kwenye macOS hubonyezwa Command, Shift na nukta kwa pamoja. Katika cPanel, huruhusiwa kwenye mipangilio ya sehemu ya mafaili.

Kusasisha tovuti

WordPress (2003) na Joomla (2005), ambayo jina lake limetokana na neno la Kiswahili "jumla", ni programu huria za kuendeshea tovuti. Mipangilio yake mikuu imo katika wp-config.php na configuration.php, ambayo si mafaili fiche, lakini.htaccess mara nyingi ndilo huongoza anwani za kurasa. Anayenakili folda kwa amri ya cp * huliacha nyuma bila kujua. Baadaye ukurasa wa mwanzo hufunguka, ila kurasa za ndani hutoa kosa la 404.

Hatua salama ni hizi:

1. Kunakili mafaili yote, pamoja na yaliyo fiche, na hifadhidata.
2. Kuhakikisha nakala hiyo inafanya kazi mahali pengine.
3. Kulinganisha toleo la PHP la seva na linalohitajika.
4. Kujaribu toleo jipya kwenye nakala, kisha kwenye tovuti yenyewe.
5. Kuondoa nakala katika folda ya wazi; faili kama wp-config.php.bak laweza kusomwa na yeyote kwa kivinjari, pamoja na nywila yake.

Kuchelewa nako kuna hatari. Baada ya kasoro ya Drupal kutangazwa tarehe 15 Oktoba 2014, watunzaji wake walionya baadaye kwamba tovuti ambazo hazikurekebishwa ndani ya saa 7 zihesabiwe kuwa zimeshavamiwa.

Nchini Tanzania

Mikoa ya Mbeya na Iringa ina tovuti zake, mbeya.go.tz na iringa.go.tz, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hutumia must.ac.tz. Tovuti za aina hii hubeba matangazo ya umma na ya udahili. Ikizimika wakati wa kusasishwa, mwombaji aliye mbali anaweza kupitwa na tarehe ya mwisho. Tahadhari za usalama wa mtandao nchini hutolewa na TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde.