Vyakula vikavu vya asili katika Kitui na Makueni

Vyakula vikavu vya asili ni nafaka, mikunde, mboga na matunda yaliyokuzwa bila mbolea ya viwandani wala dawa, au kwa kiasi kidogo mno, kisha yakakaushwa kwa jua na upepo ili yahifadhike. Katika kaunti za Kitui na Makueni, kusini mashariki mwa Kenya, kundi hili lina mbaazi, kunde, ndengu (ambazo kwingine huitwa pojo au choroko), mtama, mawele, mahindi yaliyokobolewa kuwa muthokoi, majani ya kunde na, miaka ya karibuni, vipande vya maembe. Anayevinunua Nairobi au Mombasa huvisifu kwa kuwa havikuguswa na mkono wa kiwanda. Sifa hiyo inapotosha. Ukame wa Ukambani, yaani nchi ya Wakamba zilimo kaunti hizi, humruhusu mkulima kupunguza mambo fulani shambani, lakini humdai kazi nzito pahali pengine: kwanza kuyakamata maji ya mvua kabla hayajapita, halafu kuyatoa maji ndani ya punje baada ya kuvuna. Kazi hizo mbili ndizo zinazoamua kama chakula kitafaa kuliwa, na ya pili ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka. Zile za Machi hadi Mei hazitegemeki. Wakulima wengi huweka tumaini lao katika mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Kalenda hiyo hueleza mengi kuhusu mazao yanayokauka vizuri na yale yanayoleta shida. Mbaazi za kienyeji hupandwa vuli, mara nyingi katikati ya mistari ya mahindi, na hukua polepole huku mizizi ikishuka chini sana. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki na shamba zima, hupata mvua za masika, huchanua, na hukomaa katika miezi ya kiangazi ya Julai hadi Septemba. Punje hukaukia mtini kwenye maganda yake, na mkulima huikuta kazi ya kukausha imekaribia kwisha. Mmea huo huo hunasa naitrojeni kutoka hewani na kudondosha majani yanayorutubisha udongo. Methali inamshutumu mbaazi kwamba akikosa maua husingizia jua. Huku Ukambani ni mazao machache yenye kisingizio kidogo kama yeye. Mahindi ya vuli, kinyume chake, huvunwa Februari na Machi, wakati mawingu ya masika yanaanza kujikusanya. Mavuno ya mahindi hukutana na mvua mpya, na hapo ndipo hatari ya zao hili inapoanzia.

Wanaohubiri kilimo cha kutoingilia maumbile humtaja Masanobu Fukuoka, mkulima wa kisiwa cha Shikoku nchini Japani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 kilieleza kanuni nne: kutolima udongo, kutotia mbolea, kutopalilia kwa jembe wala kwa dawa, na kutopulizia sumu. Kanuni hizo zilizaliwa katika nchi yenye mvua nyingi. Kwenye miteremko ya Mbooni, au katika tambarare za Kathonzweni na Mutomo, udongo usioguswa hufanya ukoko juu, na mvua kali ya nusu saa huteremka yote hadi mtoni. Ndiyo maana kilimo cha pembejeo chache kilichofaulu katika kaunti hizi kilitanguliwa na kazi kubwa ya kuibadili ardhi yenyewe. Matuta ya fanya juu, ambayo huchimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, yalijengwa kwa maelfu na vikundi vya mwethya, yaani kazi ya ushirika ya Wakamba, wengi wao wakiwa wanawake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha mwaka 1994, katika utafiti wao juu ya Wilaya ya Machakos (ambayo ilihusisha Makueni hadi 1992), kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano na bado mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakapanda. Wakoloni walikuwa wameitabiria wilaya hiyo jangwa.

Mabwawa ya mchanga yanafuata mantiki hiyo hiyo. Ukuta wa zege au mawe hujengwa kukata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga ambako jua haliyafikii. Shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa hayo tangu miaka ya 1990, na upande wa Makueni na Machakos juhudi za kikundi cha Utooni zilianza mwaka 1978. Ukuta ukishasimama, hauhitaji mafuta wala pampu. Tofauti na kanuni za Fukuoka iko wazi: huku mkulima huingilia kwa nguvu mara moja, katika umbo la ardhi, ndipo apate nafasi ya kuingilia kidogo kila msimu. Hata matandazo ya mabua, ambayo vitabu vya kilimo hifadhi huyasisitiza, hugombewa na ng'ombe na mbuzi, na yanayosalia huliwa na mchwa. Mkulima anayempa ng'ombe mabua na kurudisha samadi shambani hajakiuka kanuni yoyote ya maana.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ya kuingilia kidogo lina uzito. Inasemwa kwamba kinachoitwa kilimo cha asili hapa ni umaskini uliopewa jina zuri: mtu hanunui mbolea kwa sababu hana fedha, au kwa sababu anajua mvua ikikosa atakuwa amezika pesa. Watafiti wa Kenya na Australia waliofanya kazi katika kituo cha utafiti cha Katumani miaka ya 1980 walikwenda mbali zaidi. Walihitimisha kwamba mahindi yanayolimwa mwaka nenda mwaka rudi bila chochote kurudishwa yanauchosha udongo, kwamba samadi ya boma haitoshi eneo lote, na kwamba kiasi kidogo cha mbolea ya naitrojeni kinaweza kulipa hata katika nchi ya mvua za kubahatisha. Kwa mahindi, ushahidi huo ni mgumu kuupinga. Lakini hauyagusi mazao yote kwa nguvu sawa. Mbaazi na kunde hujitengenezea sehemu kubwa ya naitrojeni yao, na mtama na mawele huvumilia ukame ambao humuua hindi. Kinachofuata ni kwamba mahindi ndiyo zao lisilofaa kubebeshwa jina la asili katika kaunti hizi, ingawa ndiyo yanayopendwa zaidi sufuriani. Mbegu ya mahindi ya Katumani, iliyotolewa miaka ya 1960 ili ikomae mapema kabla mvua haijakata, ilimsaidia mkulima kulikwepa tatizo la maji. La rutuba lilibaki.

Pingamizi la pili huja kutoka upande wa ndengu. Zao hili hukomaa kwa siku 60 hadi 90, na aina ambazo wakulima huziita Nylon na Uncle zimeenea kote Kitui, hasa baada ya serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu kugawa mbegu kwa wingi mwaka 2018. Kwa kuwa ndengu ni mkunde wa nchi kame, mnunuzi hudhani haijaonja dawa. Ukweli ni kwamba maua na maganda yake hushambuliwa na vidukari, vithiripi na viwavi wa maganda, na wakulima wengi hupulizia. Kunde ni vivyo hivyo. Kwa hiyo aina ya zao haithibitishi namna lilivyolimwa, na anayeuza gunia la ndengu kama la asili kwa sababu tu limetoka Kitui anauza jina la mahali.

Ushahidi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, haukutoka shambani. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua sumukuvu ya aflatoksini mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao walikufa. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Sumu hiyo hutolewa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, huharibu ini, haionekani wala haionjeki, na kuchemsha hakuimalizi. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizochukuliwa madukani na sokoni zilipita kiwango cha juu kilichokubaliwa wakati ule, yaani sehemu 20 kwa bilioni, na baadhi zilipita sehemu 1,000. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na zile zisizopata, waliona tofauti katika uhifadhi: wagonjwa walikuwa wamekula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, na yaliyokaa ndani ya nyumba badala ya ghalani. Mahindi hayo yalilimwa nyumbani na familia zenyewe, bila anasa ya pembejeo, na yakaanikwa juani. Kwa vipimo vya anayetafuta chakula kisichoguswa, yangepita. Na haikuwa mara ya kwanza. Sumu hiyo hiyo iliua watu 12 katika eneo hilo mwaka 1981.

Inaweza kujibiwa kwamba kuvu huyo huingia kwenye gunzi kabla ya mavuno, hasa mmea ukidhoofishwa na ukame, hivyo kumlaumu aliyekausha ni kumwonea. Ni kweli kwamba maambukizi huanzia shambani. Ndiyo sababu Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, hutawanywa chini ya mahindi wiki mbili tatu kabla ya kuchanua: ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ile ile, wa asili ya udongo wa Kenya, ambao hawatoi sumu na huwanyang'anya nafasi wale wanaoitoa. Lakini hata kuvu akishaingia, punje iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13 hivi humzuia asiendelee, ilhali iliyorundikwa mbichi sakafuni humlea. Shamba huanzisha tatizo, ghala hulikuza. Mapishi nayo yana mchango wake. Kukoboa mahindi kwa kinu ili kupata muthokoi huondoa ganda na kiini, sehemu zenye sumu nyingi zaidi, na watafiti wa Kenya waliripoti mwaka 2008 kwamba kukoboa hupunguza aflatoksini kwa karibu nusu kwa wastani. Nusu ya sehemu 1,000 bado ni mauti, kwa hiyo kinu hakiwezi kuchukua nafasi ya turubai la kuanikia.

Turubai ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote katika habari hii, na pengine ndicho chenye faida kubwa zaidi. Punje zinazoanikwa juu ya udongo hufyonza unyevu kutoka chini na kuokota kuvu. Baada ya kukauka huja wadudu. Jivu lililochanganywa na kunde huwazuia fukusi kwa kadiri fulani. Dhidi ya dumuzi, mdudu aliyeingia Afrika Mashariki kutoka bara la Amerika mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambaye wakulima wa Kenya walimbatiza Osama, jivu halifui dafu. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa humaliza wadudu bila dawa, kwa kuwa wanakosa oksijeni. Mifuko hiyo haikaushi chochote. Anayefunga mahindi yenye unyevu ndani yake hufungia unyevu humo, na akiufungua mfuko na kuufunga mara kwa mara, kuvu hupata hewa na kuendelea na kazi yake.

Kwa maembe hesabu ni nyingine. Makueni huvuna kwa wingi kati ya Desemba na Machi, bei huanguka, na mengi huozea chini ya miti. Nyama ya embe ina maji zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo kilo moja ya vipande vikavu hutoka katika kilo tano hivi za nyama, mbali na maganda na kokwa. Jua la uani haliwezi kuyatoa maji hayo upesi bila kukaribisha nzi na vumbi. Panahitajika kaushio lililofunikwa, lenye vichanja na mkondo wa hewa. Kivuli nacho kina faida, kwa sababu mwanga mkali huharibu karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na jambo hilo linahusu majani ya kunde vilevile. Nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 amewafundisha wakulima wa Makueni jinsi dawa inavyoweza kupunguzwa: mitego, chambo cha protini, na kuokota na kuzika kila embe lililoanguka. Kuokota ndiko kunakochosha, na jirani mmoja asiyeokota huwarudisha nyuma wote.

Viwango rasmi vimegawanyika kama kazi yenyewe ilivyogawanyika. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, vinahusu zaidi namna zao lilivyokuzwa na kushughulikiwa bila kemikali zilizokatazwa. Aflatoksini hupimwa maabara, kwa taratibu nyingine na gharama nyingine. Gunia la mbaazi kutoka mji wa Wote, Makueni, linaweza kuwa na cheti kimoja na kukosa kingine. Kaushio na vipimo vya unyevu hufuata zao linalouzwa, kwa maana huko ndiko kuna wa kuvilipia. Mahindi ya kuliwa nyumbani, yale yaliyoua mwaka 2004, hayapiti mbele ya mkaguzi yeyote. Kipimo kinachoyafaa ni kiganja cha punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu: zikitikiswa na chumvi ikanata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata, punje imeshuka chini ya hapo, na kufika 13 bado kunaweza kuhitaji siku nyingine ya jua.